Maji Mdomoni mwa Baba

Kumwigiza mtu mwenye maneno mengi ni kazi nyepesi. Mwalimu wetu namwigiza nikiwa nimelala. Bwana misheni mwenyewe, na ndevu zake na Kinyakyusa chake kinachopanda mlima kwa shida, namwigiza huku natafuna. Lakini baba yangu hasemi. Kumwigiza mtu asiyesema kunataka kipaji, na kipaji hicho ninacho. Nakisifu mwenyewe kwa sababu nyumbani kwetu ukingoja kusifiwa utazeeka.

Mchezo ulikuwa hivi. Naweka kigoda katikati ya uwanja wa kijiji chetu cha vijana, nakaa, natazama mbele kama mtu anayetazama mkia wa ng'ombe. Mwenzangu mmoja anakuja, anainama, ananiamkia kwa heshima zote: "Mugonile, tata," yaani umelalaje, baba. Mimi kimya. Anauliza habari za migomba. Kimya. Ananiarifu kwamba nyumba yangu inaungua. Navuta pumzi kwa pua, natoa pumzi kwa pua. Hapo wanaanza kucheka. Kisha ananitukana, na hapo ndipo penye utamu: napandisha mkono polepole, nafunika mdomo kwa kiganja chote, macho yamenitoka, nabaki hivyo hivyo. Wenzangu wanagaragara vumbini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Katika Ikolo yote, mtu anayejifunika mdomo namna ile akikasirika ni mmoja tu.

Kwa msomaji asiye wa huku nieleze. Sisi wavulana hatulali kwa baba zetu. Mtoto wa kiume akishaanza kuelewa mambo ya wakubwa anaondoka nyumbani, anajenga kibanda pamoja na wa rika lake, na kijiji kinakuwa chao. Kulala chini ya paa la baba ukiwa na akili timamu ni aibu. Lakini kula tunakula kwa mama zetu, na hatuli mmoja mmoja kama kuku. Tunakwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto anayejipenyeza nyumbani peke yake kula chakula cha mama yake huchekwa mpaka atamani kuhama. Na baba wa watu, wakiona mtoto amekuja na kundi kubwa, hufurahi. Huketi, hutania, huuliza nani amekua na nani bado anakojoa kitandani. Kundi ni heshima ya mtoto, na heshima ya mtoto ni ya baba.

Wangu akiona kundi alikuwa anatoka nje.

Simpendi baba yangu. Naandika jambo hili mapema ili asije mtu akafika mwisho akisubiri nimkumbatie. Shuleni tumefundishwa amri ya kumheshimu baba na mama, na mwalimu aliposema kwamba heshima huanza moyoni nilinyoosha mkono nikauliza kama inaruhusiwa kuanza na mama kwanza, baba afuate mavuno yakiwa mazuri. Nilichapwa. Sikuona vibaya. Fimbo ya mwalimu ni jibu, na mimi majibu nayataka.

Mama yangu ni wa pwani ya ziwa, kule milima inakoshuka hadi majini na watu wanaishi kwa samaki na vyungu. Alikuja huku kwa mtumbwi pamoja na vyungu vya mama yake, vyungu vikauzwa, yeye akabaki. Akikasirika, kijiji kinapata habari kabla yangu. Alikuwa anarusha vigae, na kwa kuwa ni mfinyanzi, vigae havikumwishia. Lakini hasira yake ni moto wa majani makavu: unaruka, unaunguza nyusi, umezimika. Kabla jua halijazunguka nyumba anakuita ule kichwa cha samaki. Kwa mama nilijua daima niko wapi. Nikiruka kigae, nimekosa. Nikitafuna samaki, nimesamehewa.

Kwa baba hukujua kitu. Nilipokuwa mdogo nilianguka kutoka juu ya mkuyu nikavunjika mkono. Baba akaja mbio, hilo sikatai. Akautazama mkono, akautazama mkuyu, akajifunika mdomo, akaondoka. Jirani ndiye aliyenifunga vijiti. Nililala siku hizo nikiwaza kwamba pengine aliyeumia ni mkuyu. Baadaye, shule ilipoita wazazi waje kusikia watoto wanavyosoma, nilichaguliwa mimi, kwa sababu sauti yangu ni kubwa na mwalimu alikosa mwingine. Nilisoma bila kujikwaa. Mama akapiga vigelegele pasipostahili, katikati ya sentensi. Nilipoinua macho kumtafuta baba, alikuwa ameshakwenda kukamua. Jua lilikuwa utosini. Hakuna ng'ombe duniani anayekamuliwa saa hiyo.

Hata askari wa boma aliyekuja kudai kodi ya nyumba alimwuliza swali, akajibiwa kwa macho, akauliza tena, mwishowe akawaambia wenzake kwamba huyu ni bubu na ng'ombe wake wapewe pole. Kijiji kilicheka mwezi mzima. Mimi nilicheka kuliko wote, tena mbele ya nyumba yake.

Mama alikuwa na maneno yake juu ya hali hiyo, na aliyatoa huku akipapasa vyungu vyake kabla ya kuvichoma. Alisema kuna chungu kinachokauka nje na ndani bado kina maji. Ukikigonga kinalia vizuri, ukikitazama huoni kasoro, lakini ukikitia motoni kinapasuka na kuvunja na vya jirani. Kisha anainua sauti ili mwenye nyumba asikie ng'ambo ya zizi, na kusema kwamba yeye alitoka kwao kukimbia vyungu vya namna hiyo, akaja kuolewa na kimoja.

Aliyekuwa halioni tatizo ni mdogo wangu wa kike. Alikuwa bado na meno ya utoto, na kila asubuhi alikwenda nyuma ya baba kwenye kukamua, akapewa povu la maziwa kwenye kiganja. Alidai kwamba baba anawaimbia ng'ombe. Nilimwambia amesikia matumbo yao. Akaapa. Nikamwambia kama anaimba basi amwombe aje atuimbie na sisi tulio na miguu miwili.

Siku ya mambo yenyewe kuanza, ilikuwa zamu ya mama kutulisha. Tulikuwa tumezunguka ndizi zilizopikwa na maharage, mikono inagombana, baba akaingia na kibuyu cha maziwa. Akasimama penye mwimo wa mlango akitutazama. Labda alitaka kupita tu. Mimi nikasema, kwa sauti ya mwalimu: "Tulieni jamani, mwenye nyumba anataka kuhutubia."

Wenzangu wakainamisha vichwa kwenye chakula. Baba akabaki amesimama.

"Endelea, tata," nikasema. "Tumekusikia mpaka hapo."

Mmoja akatokwa na ndizi puani. Mama alinyanyua mwiko, lakini mdomo wake nao ulikuwa unacheza. Baba akapandisha mkono polepole kuelekea mdomoni, na mimi nikapandisha wangu, mwendo mmoja, kiganja kimoja, macho yametoka. Tukatazamana hivyo, baba na mtoto, kila mmoja amejifunika. Safari hii hakuna aliyecheka. Baba akaweka kibuyu chini taratibu, akatoka.

Siku si nyingi baadaye mdogo wangu akaanguka kwa homa.

Mwanzoni ilikuwa homa ya kawaida ya bondeni, ile ambayo kila mtu anayo wakati mpunga umesimama majini. Kisha ikakataa kutoka. Bwana misheni alileta unga mchungu, tukamshika mtoto na kumnywesha, akatapika wote juu ya viatu vya Bwana. Akaacha kula. Akaacha kwenda kukamua. Shingo yake ikawa nyembamba mpaka kichwa kikaonekana cha mtu mwingine.

Huku kwetu kila mtu anajua jambo hili, hata waliobatizwa wanaosema hawalijui: mzazi akiwa na hasira na asiitoe, inakaa kifuani, inatoka na pumzi, inampata mtoto. Si lazima impate yule aliyekosa. Pumzi haichagui. Dawa yake ni moja: mwenye hasira aseme mbele ya watu, yote, bila kubakiza, kisha achukue maji mdomoni ampulizie mtoto kifuani. Mwalimu wetu alifundisha kwamba hasira iungamwe kwa Mungu. Shangazi yangu aliposikia alijibu kwamba ni vizuri, lakini Mungu hajaugua.

Shangazi huyo ni dada mkubwa wa baba. Alikuja kutoka Ngana kwa miguu, mwembamba, mkavu, anayeingia nyumba ya mtu kama aliyeijenga yeye. Hakuketi. Alimtazama mtoto, akatoka uani, akauliza nani amekasirika hapa.

Mama ndiye aliyetangulia kutoa yake, naye alitoa kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Alianza na safari ya mtumbwi iliyomleta. Alipita kwenye kila chungu kilichovunjwa na ng'ombe, kila neno alilosema bila kujibiwa, na vikwapa vya shangazi mwenyewe navyo vikatajwa. Majirani waliokuja kusikiliza walikwenda kuchota maji wakarudi, wakamkuta bado yuko kwenye mwaka wa pili wa ndoa. Alipomaliza akapuliza maji kifuani kwa mtoto, akapangusa mdomo, akaonekana mwepesi kabisa.

Nikasimama mimi nikasema na mimi ninazo.

"Kaa chini," shangazi akasema. "Hasira ya mtoto inawasha kama upupu. Haiui mtu."

Akamgeukia baba. Baba alikuwa kwenye kigoda chake. Akasema, "Sina hasira." Maneno mawili, na yote mawili ya uongo.

Basi ikawa hivyo. Kila shangazi alipomwuliza, hana hasira. Wanaume wa rika lake wakaja kumshauri, hana hasira. Wakaanza kukataa maziwa yake. Akimkuta mtu njiani, mtu anasogea ubavuni kama anayepisha upepo. Mama akaacha kupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akaanza kufunga vitu vyake kwenye mkeka. Akasema kaka zake watakapoleta vyungu atapanda nao mtumbwi na mtoto, kama ni kufa mtoto akafie kwao, ambako watu wana midomo. Wote walimwelewa: akiondoka hivyo, kijiji kitamhesabu baba kuwa amemla mtoto wake mwenyewe, na hakuna atakayekaa naye tena.

Nilimfuata shambani. Alikuwa anamwaga samadi kwenye mashina ya migomba, mgongo kwangu. Nilimwambia kwamba anayemkasirikia ni mimi, kila mtu anajua, basi aseme. Atukane. Aniite mbwa, nitaitika.

Akasema, "Nenda shule."

"Shule imefungwa, leo Jumapili."

Akaendelea kumwaga samadi. Nikamwambia kwamba mtoto anakufa kwa ajili ya kiburi chake. Nikamwambia kwamba bubu wa kweli wana huruma kuliko yeye. Akageuka. Akaokota fimbo yake ya ng'ombe, akaiinua, na nakiri nilifurahi. Nilinyoosha shingo kabisa, nikangoja. Fimbo ikashuka taratibu. Mkono mwingine ukapanda ukafunika mdomo.

"Hata kunipiga huwezi," nikasema, nikaondoka. Nilikuwa nalia, lakini kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo hakuona.

Mitumbwi ya wajomba ilifika pwani. Asubuhi ile mkeka wa mama ulikuwa umeshafungwa, mtoto amelazwa uani juani kwa sababu alikuwa anatetemeka, na shangazi amesimama na kibuyu cha maji kama askari na bunduki. Majirani walijaa hadi kwenye migomba. Mwalimu alipita, akasimama mbali akitazama ndizi za watu kwa makini sana, ili akiulizwa aseme hakuona kitu.

Shangazi hakuuliza tena kama ana hasira. Alisema tu, "Mdogo wangu, mkeo huyu naye anaondoka. Unataka wa pili aondoke kwa lile lile?"

Mama akageuka. Alijua kwamba kabla yake palikuwa na mke mwingine aliyerudi kwao, kama kila mtu alivyojua. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini.

Baba akanyanyuka kutoka kwenye kigoda. Naandika kwa Kiswahili aliyosema kwa lugha yetu, na kwa Kiswahili yamepungua makali.

"Palikuwa na mtoto," akasema. "Wa kwanza. Alikuwa analia sana. Usiku na mchana analia. Nikachoka. Nikasema kwa mdomo huu, si anyamaze tu. Akanyamaza."

Akamtazama shangazi, akaendelea.

"Baba yetu akaniita mbele ya watu. Akasema pumzi yako ni mbaya, umemwua mtoto kwa mdomo. Dada yangu huyu alikuwapo. Basi nikafunga. Hasira ikija, naiziba. Sasa mmekuja mnasema nisiposema mtoto anakufa. Nikisema anakufa, nisiposema anakufa. Niambieni nitumie mdomo gani."

Shangazi alitazama kibuyu. Nadhani alikuwa hajawahi kulihesabu jambo hilo kwa upande ule.

Nilidhani amemaliza. Mtu asiyesema miaka yote, maneno hayo ni mavuno ya kutosha. Lakini alikuwa ameanza tu. Akamwambia mama kwamba kila alipoitwa chungu chenye maji alitamani kuvunja vyote vilivyo uani, kimoja kimoja. Akawaambia majirani kwamba wao ni nzi wa vidonda. Akamwambia shangazi kwamba alijua na akanyamaza, kwa hiyo naye ni bubu mwenzake. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, nyembamba, kama mlango ambao haujafunguliwa tangu masika. Kisha akaninyooshea kidole.

"Na huyu. Alipoanguka kwenye mkuyu nilitaka kumtukana kwa kupanda, nikafunga. Aliposoma shuleni nilitaka kusema jambo zuri, nikafunga hilo pia, maana sijui neno likitoka kwangu linageuka nini njiani. Yeye akafanya mchezo. Akaniigiza mbele ya chakula changu. Siku ile nilitamani afe. Nimesema. Nilitamani afe huyu, na aliyeanguka ni yule."

Nilikuwa nimeomba kutukanwa. Nilipewa cha kunishibisha, na kingine cha kufunga kwenye jani niende nacho. Watu wote wakanitazama, na mimi, ambaye nina jibu kwa kila kitu, nilitazama kucha zangu za miguu.

"Maji," shangazi akasema.

Baba akapokea kibuyu, akajaza mdomo, akapiga magoti mbele ya mtoto. Hapo akakwama. Mashavu yamejaa, macho yametoka, hapulizi. Alimtazama yule mtoto, shingo ile, na nikaona anaogopa. Alikuwa anaogopa mdomo wake mwenyewe kama mtu aliyeshika nyoka na hajui pa kumtupa. Watu wakangoja. Tone likamtoka pembeni ya midomo. Mkono wake wa kulia ukaanza kupanda.

"Usiyameze," shangazi akamwambia. "Ukiyameza umeyarudisha yote ndani."

Mkono ukazidi kupanda. Mama akafumba macho.

Sikupanga. Watu wanasema nilipanga, na mimi nawaacha waseme kwa sababu inanijengea jina. Nilichuchumaa ng'ambo ya mkeka, mbele yake, mtoto katikati yetu. Nikajaza mashavu upepo. Nikatoa macho. Nikapandisha mkono polepole, mwendo wake ule ule, nikajifunika mdomo kwa kiganja chote.

Mdogo wangu alikuwa ametazama juu. Alinitazama mimi, akamtazama baba, akanitazama mimi tena. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, kidogo, kama mbuzi mchanga aliyebanwa na kamba, lakini kilikuwa chake. Baba alikisikia. Maji yakamtoka kwa kishindo, yakamwagikia mtoto kifuani, yakamwagikia shangazi kwenye nguo, na mengine yote usoni kwangu. Pamoja na maji ilitoka sauti. Nimeulizwa mara nyingi kama ilikuwa kicheko au ngurumo. Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote na sijui.

Kisha akanipiga kofi. La kwanza maishani mwangu kutoka kwake, na alikuwa ameliweka akiba muda mrefu. Nilianguka ubavu. Sikio lile likapiga kengele ya misheni mpaka jioni.

Palizuka ubishi pale pale uani. Shangazi alisema maji yaliyotoka kwa kuchekeshwa hayahesabiki, ni lazima yapulizwe kwa nia, baba arudie. Mama akasema maji ni maji, kifua kimelowa au hakijalowa. Mmoja wa majirani, yule yule aliyeitwa nzi, akasema la maana ni kwamba hayakumezwa. Walibishana mpaka mwalimu akachoka kutazama ndizi akaenda zake. Baba hakungoja hukumu. Alimbeba mtoto, amelowa vile vile, akampeleka ndani kwa ng'ombe.

Mama hakupanda mtumbwi. Hakusema kwamba hapandi. Alifungua mkeka tu akaanza kupika, na wajomba wakala wakarudi kwao na maneno yao.

Homa haikuondoka siku ile. Iliondoka kwa mwendo wake, ikirudi kuchungulia kama mdeni mwenye haya, hadi asubuhi moja mtoto akaomba povu la maziwa. Sasa kila mtu anadai amemponya yeye. Shangazi anasema ni maji. Bwana misheni anasema ni sala na ule unga mchungu, ingawa unga mwingi ulibaki kwenye viatu vyake. Mama anasema ni supu ya samaki. Mimi nasema ni mashavu yangu, na nina kofi la ushahidi.

Vijana wenzangu walifikiri baada ya hapo mchezo utanoga zaidi. Waliniletea kigoda siku moja nikakaa. Mwenzangu akaniamkia, akauliza migomba, akanitangazia moto, akanitukana tusi jipya alilolitunga kwa ajili yangu. Nikapandisha mkono. Ukafika kidevuni, ukasimama. Niliwaambia ule mkono ndio uliovunjika kwenye mkuyu, baridi ikija unauma. Walilalamika kwamba mchezo umekufa. Niliwaambia kila mtu ana baba yake, waende wakaigize wao.

Wala wasidhani tumepatana. Baba sasa ananisemesha, na yote anayosema ni mabaya. Nimelima kama anayefukia maiti. Nimekuja na kundi la nzige. Kusoma kwangu kumeniongezea mdomo badala ya akili. Huyasema akiwa ameangalia pembeni, upesi upesi, kisha hunigeukia kuona kama bado nimesimama. Mimi husimama. Nimeshaelewa anachotazama, na hunikera kuliko matusi yenyewe. Mara nyingine, akishasema, mimi hukohoa kidogo kwa makusudi ili nimtie hofu. Anageuka haraka sana. Mama amenikataza, nami naendelea.

Juzi ilikuwa tena zamu ya mama kutulisha. Tumezunguka chungu, mikono inagombana. Baba akaingia na kibuyu cha maziwa, akasimama penye mwimo ule ule. Wenzangu wakanitazama mimi, wakingoja. Nilikuwa na mdomo umejaa. Baba akavuta pumzi kwa pua, akatoa pumzi kwa pua.

"Huyu," akawaambia, "akila hivi, boma watakuja kumdai kodi ya tumbo."

Wakacheka. Wakacheka mpaka mmoja akatokwa na maharage puani, yule yule wa siku ile. Mama akacheka kwenye moshi. Mdogo wangu akacheka kwa sababu wengine wanacheka. Baba hakucheka, aliweka kibuyu chini taratibu, akatoka na mgongo wake.

Kimya chake nilikuwa nimekizoea. Kofi nililitaka. Lakini kunichekesha mimi mbele ya kundi langu mwenyewe, kwa mzaha mzuri kuliko wangu, hilo sijamsamehe.